Riwaya zetu za ugaidi zina risasi nyingi na faili chache

Mleta uzi

Wakuu salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikipitia miswada ya riwaya za kijasusi, ya watu wanaotundika hadithi mtandaoni kipande kwa kipande na ya wengine wanaoniletea kabla hawajatafuta mchapishaji. Ugaidi ndiyo mada inayotamba. Sina ugomvi na mada. Ugomvi wangu ni kwamba ukisoma mmoja umesoma yote: bomu limetegwa, jasusi mmoja mwenye mwili wa chuma anapewa saa 24, anavunja mlango, anamwaga risasi, anapata mrembo, Rais anapiga simu kumshukuru. Unafunga kitabu hujajua nchi inalindwaje wala inashambuliwaje.

Nasema hivi, mawe mtanipiga baadaye: utamu wa riwaya ya ugaidi hauko kwenye risasi. Uko kwenye nani alijua nini, alijua lini, akamwambia nani, na huyo aliyeambiwa akaiweka wapi ile karatasi. Risasi zinakuja mwishoni, baada ya watu wazima wenye vyeo kushindwa kukubaliana.

Tuchukue tukio tunalolijua wote, Agosti 7, 1998, siku al-Qaeda, kundi la Osama bin Laden, lilipolipua balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, majeruhi maelfu. Mwandishi wa kawaida ataanza na lori. Mimi ningeanza mwaka mmoja nyuma, Agosti 1997, kwenye nyumba ya Nairobi aliyokuwa akiishi Wadih el-Hage, raia wa Marekani mzaliwa wa Lebanon aliyewahi kuwa katibu wa Osama bin Laden. Polisi wa Kenya na maofisa wa Marekani wanaipekua nyumba ile na kuondoka na kompyuta. Ndani yake kuna barua ya Fazul Abdullah Mohammed, kijana wa Komoro, akilia kwamba kundi lao la Afrika Mashariki liko hatarini. Yaani ushahidi kwamba kundi lipo, tena kwa maneno ya mwanakundi mwenyewe, umeshafika mikononi mwa serikali, na mabomu yamebakiza takriban mwaka mzima.

Bado. Balozi wa Marekani Nairobi wakati ule, Prudence Bushnell, alikuwa ameshaiandikia Washington kwamba jengo lake lipo pabaya: kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, limebanana na barabara, gari lolote linalisogelea. Akajibiwa kwamba fedha za kuhama hazipo. Ukirudi nyuma zaidi, mwishoni mwa 1993, unamkuta Ali Mohamed, ofisa wa zamani wa jeshi la Misri ambaye baadaye alikuwa sajenti wa jeshi la Marekani, akilipiga picha jengo lilelile. Mwaka 2000 alikiri mahakamani New York kwamba bin Laden aliitazama picha akaonyesha lori linaweza kupita wapi.

Hapo kuna riwaya nzima na bunduki haijatoka kabatini.

Halafu siku yenyewe. Al-Owhali, mmoja wa washambuliaji wa Nairobi, alishuka garini akamrushia mlinzi guruneti la kishindo, maana mlinzi alikataa kufungua kizuizi. Kishindo kile kikasikika maofisini, ghorofa zote. Watu wakafanya ambacho mtu yeyote angefanya: wakainuka, wakaenda dirishani kuona kuna nini. Sekunde chache baadaye bomu likalipuka na vioo vikawaingia machoni. Wengi waliopofuka siku ile walipofuka kwa sababu walikwenda kuchungulia. Mwandishi akiniandikia ukurasa mmoja wa katibu muhtasi anayeinuka kitini, anasogeza pazia, nitaogopa kuliko kurasa 40 za kufukuzana kwa magari.

Dar nako. Lori la bomu lilifika getini likakuta boza la maji la ubalozi liko mbele yake, likashindwa kusogea karibu na jengo. Boza likabeba sehemu ya mlipuko. Aliyelizuia lori siku ile si jasusi wala komando, ni ratiba ya maji! Riwaya yenu ina nafasi ya ratiba ya maji?

Karibuni tujadili.

Kalamu Butu

Mkuu, nondo umeshusha, nakubali. Ila tuseme ukweli, faili zinachosha. Mimi nikifungua riwaya nimetoka kazini nimechoka, nataka mapigo. Nikitaka barua na vikao nitasoma ripoti ya tume. Ukimwondoa komando unamwachia msomaji nini? Halafu mimi pia nina mswada, nimefika sura ya 9, na nina komando.

Mleta uzi

Kalamu, sijasema umfukuze komando wako. Nasema mpe dunia halisi ya kupambana nayo. Ukitaka mapigo, Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi, imejaa mapigo.

Septemba 21, 2013, Jumamosi mchana. Waliouawa 67, mzingiro siku nne. Saa za mwanzo, walioingia ndani na kuwatoa watu ni polisi wachache waliovaa kiraia na raia wenye bastola zao za leseni. Kikafika kikosi cha Recce cha GSU, kikosi maalumu cha polisi wa Kenya, watu waliofunzwa hasa kazi ya namna hii. Halafu likafika jeshi. Pande mbili, mawasiliano mawili, ramani moja ya jengo ambayo sijui nani alikuwa nayo. Ofisa wa Recce akauawa kwa risasi za jeshi. Polisi wakatoka nje, jeshi likabaki peke yake, na mambo yakaenda hadi siku ya nne, sehemu ya jengo ikaporomoka. Serikali ilikuwa ikitangaza magaidi 10 hadi 15. Walioonekana kwenye kamera ni wanne. Waziri akaeleza kwamba moshi mzito ule ni magodoro yanachomwa. Baadaye zikaja picha za kamera za askari wakibeba mifuko dukani, na mkuu wa majeshi akatangaza kwamba wanajeshi wawili wamefukuzwa na kufungwa.

Hakuna mtunzi angethubutu kutunga lile la magodoro. Mhariri angelikata kwa kalamu nyekundu.

Sasa komando wako ukimweka ndani ya jengo kama lile, adui wake wa kwanza ni mtu aliyevaa sare inayofanana na yake. Nakuandikia kipande hapa hapa uone (jengo ni la kubuni, watu ni wa kubuni):

*Inspekta aliinua ngumi, wanaume sita nyuma yake wakaganda. Ghorofa ya chini kulikuwa na buti. Si mbili. Nyingi, zikipanda ngazi za dharura bila kujificha, kama wenye nyumba.*

*"Ni nani wale?" alinong'ona redioni.*

*"Rudia."*

*"Ngazi za mashariki. Nani yuko ngazi za mashariki?"*

*Ukimya. Kisha sauti ya kijana wa mawasiliano, ile ya mtu anayesoma karatasi ambayo hajaandika yeye: "Kwa taarifa tulizonazo, ngazi za mashariki hazina mtu."*

*Buti zikafika kwenye kituo cha ngazi. Inspekta akawaza kupaza sauti, akataja jina la kikosi chake. Akakumbuka kwamba anayetafutwa naye anaweza kupaza sauti vilevile.*

Huyo inspekta hajapiga risasi hata moja, lakini wewe unataka kujua kitakachotokea. Hicho kijana wa mawasiliano alichokisoma ndiyo faili ninayoisema. Faili likiwa na uongo, watu wanakufa kwenye ngazi.

Mstaafu Asiye na Pensheni

Mleta uzi uko sahihi ila umewapunguzia. Niongeze mambo ya ofisini maana miswada ya vijana inanitia kichefuchefu.

Kapteni wa jeshi hamwamuru kamanda wa polisi wa mkoa. Hata kama ni jirani yake. Kwenye riwaya zenu kapteni anaingia kituoni, anagonga meza, kituo kizima kinasimama. Mkoani kuna kamati ya ulinzi na usalama, mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa. Kuna watu wanakaa mezani mle hawapendani tangu mafunzoni. Andikeni hiyo kamati. Nani anaongea kwanza, nani anaandika, nani anajifanya hana taarifa ili mwenzake aumbuke.

La pili. Mtu wa usalama wa taifa kwenye riwaya anakamata, anahoji, anapiga, anaua, halafu anakula chakula cha jioni. Sheria ya Tanzania ya 1996 iliyoiweka idara ile kisheria ilisema wazi kwamba kutekeleza hatua za usalama si kazi yake. Kazi ni kukusanya, kuchambua, kushauri. Sheria imerekebishwa 2023, kwa hiyo anayetaka kuandika hadithi ya leo asome toleo jipya, asitegemee kumbukumbu zangu. Lakini mtu anayejua kila kitu na haruhusiwi kukamata ni mhusika bora kuliko huyo mwenye leseni ya kuua.

La tatu. Vifaa vinaharibika. Aprili 1980 Wamarekani walipeleka helikopta nane Iran kuwatoa mateka wao Tehran. Mpango ulihitaji sita. Vumbi na hitilafu zikaziacha tano zinazofaa, wakaivunja operesheni, na wakati wa kuondoka helikopta moja ikagongana na ndege ya mizigo, wakafa wanajeshi wanane. Hapakuwa na vita pale. Kwenye riwaya zenu helikopta haijawahi kukosa mafuta.

Nimemaliza.

Kanga Nyekundu

Shikamoo mzee Mstaafu, hapo kwenye kamati nimecheka kwa uchungu.

Mimi hoja yangu ni gaidi mwenyewe. Kila riwaya anakuja na kanzu na ndevu, anacheka "ha ha ha", anaichukia nchi tu basi. Hana mama, hana deni, hana rafiki. Nimekulia mtaa ambao vijana kadhaa waliondoka kwenda ng'ambo ya mpaka. Waliondoka ni watu niliokuwa nawajua, mmoja alikuwa anatengeneza redio. Nikisoma hizo riwaya najiuliza mwandishi amewahi kuongea na mtu yeyote.

Mleta uzi

Dada Kanga, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko yangu, na ningeomba waandishi waisome mara mbili.

Riwaya za kijasusi za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na bahati moja: adui alikuja kutoka nje. Alikuwa Kaburu, mamluki, wakala wa ukoloni. Mwandishi hakulazimika kumwelewa sana, historia ilikuwa imeshamweleza. Sisi tumerithi muundo ule ule tukaumwagia adui mpya bila kujiuliza kama unamtosha. Haumtoshi. Adui wa sasa mara nyingi amesoma shule moja na polisi anayemtafuta.

Mwaka 2017 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti wa vijana wa Afrika waliojiunga na makundi haya kwa hiari. Walipoulizwa ni jambo gani la mwisho lililowasukuma, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Angalia, haisemi kwamba serikali ndiyo gaidi, wala haiondoi hatia ya anayelipua watu sokoni. Inasema kuna siku moja, kuna tukio moja. Mwandishi anayetafuta sura ya kwanza ya mhusika wake mbaya, sura hiyo ameshapewa: usiku kaka anachukuliwa, asubuhi mama anazunguka vituo vitatu na kila kituo kinamwambia hayupo kwenye kitabu.

Na usimfanye msomi mkubwa wa dini. Mpe ujuzi wa kawaida. Fundi redio ni mhusika, dada. Fundi redio mwenye hasira, ambaye mtu mpole anayeongea vizuri amemtembelea mara tatu kabla hajamtajia jambo lolote la maana. Yule mpole ndiye wa kumwogopa kwenye kitabu, naye pia hashiki bunduki.

Jicho la Tai

Swali kwa mleta uzi na mzee Mstaafu. Kwenye riwaya zote mtuhumiwa akining'inizwa kidogo anataja kila kitu: jina, mtaa, rangi ya gari. Ni kweli mambo huwa hivyo? Maana kama ni kweli basi waandishi hawajakosea.

Mleta uzi

Jicho, nitakujibu kwa kesi moja iliyoko kwenye kumbukumbu za mahakama, nawe uamue.

Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Gujrat, Pakistan, Julai 2004 kwa tuhuma za mlipuko wa Dar. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, wakamshikilia kwenye magereza yao ya siri, 2006 akapelekwa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani kule Cuba, 2009 akafikishwa mahakama ya kiraia New York. Waendesha mashtaka walikuwa na shahidi muhimu, mtu aliyesema alimuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo asisimame kizimbani, kwa sababu jina lake lilipatikana kutokana na yale aliyotendewa Ghailani mikononi mwa CIA. Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280, likamtia hatiani kwa shtaka moja tu la kula njama. Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha, lakini fikiria uzi ule ulivyokuwa mwembamba. Shtaka moja likiponyoka, mtu wa kesi ya mauaji ya watu 224 alikuwa anakaribia kuachiwa mahakamani, kwa kosa la waliomhoji.

Sasa geuza hiyo iwe hadithi. Mpelelezi wako anapata jina kwa mateso. Jina ni la kweli. Anaokoa watu, anapandishwa cheo. Miaka sita baadaye wakili kijana, pengine binti yake mwenyewe kama unapenda mambo ya sinema, anasimama mahakamani na swali moja: jina hili mlilipataje? Huo ni mgogoro wenye miguu, maana kila upande una haki yake. Kuning'iniza mtu kwenye ukurasa wa 60 na kusonga mbele kana kwamba hakuna kilichotokea ni kumwibia msomaji nusu ya kitabu.

Mstaafu Asiye na Pensheni

Nijibu la Jicho kwa ufupi. Anayeumia anasema chochote kitakachokufanya uache. Utakimbia usiku kucha kukagua nyumba za watu wasio na hatia. Anayejua kazi anaanza na chai na kumwita jina la mama yake.

Kalamu Butu

Nimeanza kuelewa. Lakini siasa iko wapi? Kichwa cha mswada wangu nimeandika "riwaya ya kisiasa na kijeshi" na sasa naona siasa yangu ni Rais kupiga simu tu mwishoni.

Mleta uzi

Siasa ndiyo sehemu ambayo waandishi wetu wanaogopa kuigusa, nadhani kwa sababu wanahisi watakosea heshima. Huhitaji kumgusa kiongozi yeyote aliye hai.

Siku 13 baada ya milipuko ya 1998, Agosti 20, Marekani ilirusha makombora Afghanistan na Sudan. Makombora yaliyorushwa Sudan yalibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, kilichodaiwa kuhusika na kemikali za silaha. Ushahidi wa madai yale ulitiliwa shaka tangu mwanzo na unabishaniwa hadi leo. Na rais aliyetoa amri, siku tatu kabla alikuwa amelihutubia taifa lake kuhusu kashfa yake na mwanamke aliyefanya kazi Ikulu. Je, alirusha kwa sababu ya usalama au kwa sababu ya televisheni? Riwaya haihitaji kujibu. Inahitaji chumba, watu sita, saa ukutani, na mshauri mmoja anayesema "ushahidi wa kiwanda hautoshi" huku akijua kauli yake itaandikwa, na hataki iandikwe.

Au chukua sheria. Tanzania ilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi 2002. Kenya, iliyoumia zaidi 1998 na ikapigwa tena kwenye hoteli ya Kikambala, karibu na Mombasa, Novemba 2002, ilileta muswada 2003 ukapingwa vikali. Watetezi wa haki na viongozi wa Kiislamu waliona utatumika kuwasumbua watu kwa mavazi na imani yao. Sheria ilikuja kupita 2012, jeshi lao likiwa limeshaingia Somalia tangu Oktoba 2011. Mbunge aliyeupinga muswada kwa dhati, halafu mlipuko ukatokea jimboni kwake: huyo ndiye mhusika mkuu niliyekuwa namsubiri miaka yote na hajaandikwa. Usimfanye msaliti wala shujaa. Mfanye mtu aliyesema kweli mara mbili, na kweli hizo mbili zinagongana.

Garissa, mji wa kaskazini mashariki mwa Kenya, nayo ina siasa, ila ya aina nyingine. Aprili 2, 2015 shambulio la chuo kikuu lilianza alfajiri. Recce walikuwa Nairobi wakisubiri usafiri wa ndege, na walikuja kuingia kwenye bweni jioni. Walipoingia walimaliza kazi haraka. Waliouawa walikuwa 148. Watu wangapi walikufa kati ya alfajiri na jioni, na karatasi ya kuomba ndege ilikuwa mezani kwa nani saa hizo? Ningesoma kitabu kizima kuhusu karatasi ile. Na tuwe waungwana, waliojifunza walijifunza: Januari 2019, hoteli ya DusitD2, Nairobi, waliuawa 21, lakini amri ilionekana kuwa mkononi mwa mtu mmoja, mamia ya watu wakatolewa na operesheni ikaisha siku ya pili. Riwaya inayoanza 2013 na kuishia 2019, ikimfuata ofisa mmoja wa kati aliyekuwepo kote, inajiandika yenyewe.

Kanga Nyekundu

Naomba kuuliza la maadili. Hawa waliokufa wana ndugu. Mwandishi anachukua mlipuko wa kweli anaufanya burudani. Mpaka uko wapi?

Mleta uzi

Mimi mpaka wangu ni huu: tukio la kweli lichukue mfumo wake, acha watu wake. Chukua boza, chukua ratiba, chukua barua isiyosomwa. Usichukue jina la marehemu wala maneno yake ya mwisho kwenye simu. Tunga jengo lako, tunga mtaa wako, hata nchi yako kama unaweza kuibeba. Halafu usiwe mwalimu wa mabomu. Mswada mmoja ulioletwa kwangu ulikuwa na kurasa nne za namna ya kuchanganya vitu. Nilizikata zote na hadithi haikupungua hata tone. Msomaji hahitaji kujua bomu linaundwaje, anahitaji kujua nani ameliona na akanyamaza.

Jicho la Tai

La mwisho kwangu: mwisho wa riwaya. Wasomaji wa Kiswahili tunataka mbaya auawe na shujaa, ana kwa ana. Je, tuwanyime?

Mleta uzi

Fazul yule wa barua ya 1997 alitafutwa miaka 13. Zawadi ya dola milioni 5 juu ya kichwa chake. Alibadilisha majina, alijua kompyuta, alipenya kila mtego waliomtegea. Juni 2011 usiku, Mogadishu, gari lake likapotea njia likafika kwenye kizuizi cha askari wa serikali ya mpito ya Somalia, yeye akidhani ni cha wenzake. Wakarushiana risasi, akafa. Askari waliomuua hawakujua ni nani. Alikuwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina jingine na maelfu ya dola. Walishamzika ndipo ikagundulika, ikabidi vipimo vya vinasaba vithibitishe.

Mashirika makubwa ya kijasusi duniani yote yalikuwa yanamwinda, na aliyemmaliza ni kijana wa kizuizini ambaye pengine mshahara wake wa mwezi ule ulikuwa umechelewa. Wewe ukiandika mwisho huo mhariri atakwambia ni bahati nasibu, haujajengwa. Lakini unajengeka. Mweke yule askari wa kizuizini sura ya 3, sura ya 11, sura ya 20. Mpe zamu za usiku, mpe kuchoka, mpe amri ya mkubwa wake ya kutoruhusu gari bila kuwasha taa ya ndani. Shujaa wako awe umbali wa nchi mbili, akifuata dokezo la uongo, kwa juhudi zote. Msomaji ataona magari mawili yanakuja kwenye barabara moja na shujaa hayumo katika lolote. Hakuna atakayelala.

Kalamu Butu

Basi nisaidieni. Mswada wangu: bomu linategwa uwanja wa mpira siku ya fainali. Komando anapata taarifa asubuhi, anakimbizana mjini, anategua dakika ya 89. Nibadilishe nini bila kutupa kurasa zote 210?

Mleta uzi

Usitupe. Kwanza, taarifa isimfikie komando asubuhi ya fainali. Imfikie karani wa ofisi fulani wiki tatu kabla, kwa simu ya mtu ambaye ameshapiga uongo mara mbili huko nyuma. Karani aiandike, aisaini, aipeleke ngazi ya juu, na huko ikae chini ya faili jingine kwa sababu ya kawaida kabisa, mfano ofisa yuko likizo. Hiyo ni sura yako ya 1 na ya 2.

Pili, sura ya 9 weka kikao cha kamati ya mzee Mstaafu: fainali iahirishwe au ichezwe? Waziri amealika wageni, mdhamini ameshalipa, polisi wanasema hawana uhakika, mtu wa usalama anasema ana uhakika kiasi lakini hawezi kutaja chanzo chake mbele ya watu wote waliomo chumbani. Watapiga kura au mwenyekiti ataamua? Kaa hapo kurasa 15, usiharakishe.

Tatu, dakika ya 89 iondoe. Komando aingie uwanjani akutane na kikosi kingine ambacho hakikuambiwa yupo. Utakachofanya na bomu nakuachia, ila karani wa sura ya 1 awepo jukwaani na mtoto wake, kwa tiketi alizonunua kabla hajapokea ile simu.

Kalamu Butu

Karani ni mwanamke au mwanaume?

Kanga Nyekundu

Mwanamke. Na asife, tafadhali. Mwache aitwe kwenye tume akaulizwe kwa nini hakupiga kelele zaidi.

Mstaafu Asiye na Pensheni

Na nakala yake ya ile karatasi aliitunza. Makarani huwa wanatunza nakala. Kalamu, ukimaliza sura ya kikao niletee PM niikague vyeo kabla hujaitundika.